Betri za Chumba cha Uani

Betri za lori huenda mbili mbili. Kaka yangu, ambaye ndiye dereva, alitueleza hivyo mimi na mama kana kwamba tumemuuliza: zimeungwa pamoja, zinachoka pamoja, kwa hiyo ukichaji moja uchaji na mwenzake, na ikifa moja ununue zote mbili. Mimi nilikuwa namjibu kuwa hao ni wake wenza, si betri.

Lori lenyewe haliwezi kuingia vichochoro vya Ngamiani. Alikuwa akililaza Pongwe, nje ya mji, na kwa kuogopa wezi alizifungua betri na kuzileta nyumbani kwa baiskeli, moja moja. Alizichaji chumba cha uani, na hapo alikuwa mkali kweli. Maji ya betri yafunike sahani za ndani. Dirisha liwe wazi, maana zikikaribia kujaa hutoa hewa inayoshika moto. Chaja izimwe ukutani kwanza ndipo uguse vibanio. Kibiriti marufuku, sigara marufuku. Mjomba wetu aliwahi kufukuzwa mlangoni na sigara yake mdomoni. Mama aliyasikia yote hayo na kuitikia.

Ila chetezo hakikutajwa. Nani angekitaja, jamani? Kila Alhamisi jua likienda kuchwa mama alitia makaa kwenye chetezo, akanyunyizia ubani, akapita chumba kwa chumba akisoma, tangu ukumbini mpaka uani. Kwetu hiyo ilikuwa dua, hakuna aliyeihesabu kuwa ni moto.

Alhamisi ile mvua ya masika ilikuwa inamwagika, na mama alikuwa amelifunga dirisha la uani ili gunia la mchele lisilowe. Betri zilikuwa kwenye chaja tangu asubuhi. Kaka alikuwa ameshatangulia msikitini. Mimi niko jikoni nakuna nazi, nikasikia mshindo, kisha mama akimwita Mola wake. Nilimkuta amekaa chini, makaa yametapakaa, betri moja imepasuka, tindikali imemrukia usoni. Nilimmwagia maji. Jirani alikuja na kikombe cha maziwa, nikamfokea, nikaendelea na maji mpaka bajaji ikaja kutupeleka hospitali.

Daktari aliniita pembeni akaniambia macho yote mawili hayatarudi. Nilirudi wodini nikamkuta kaka ameshafika, amepiga magoti kando ya kitanda, analia kama mtoto, anasema lori analiuza na betri hatagusa tena maishani. Mama akampapasa kichwa.

"La kulia linaona kidogo, mwanangu," alimwambia. "Ni ukungu tu."

Nilimkasirikia kaka, nikamkasirikia na mama kwa uongo wake, na bado sikumwambia kaka alichosema daktari. Kaka akarudi barabarani. Siku hizi anachajia nje, chini ya banda la makuti, zote mbili kwa pamoja, na hakuna chetezo kinachopita huko. Kila akitoka Pangani humletea mama kitu, na mimi huwahi kumnong'oneza mama rangi yake kabla hajaulizwa. Nimechoka na kazi hiyo, lakini naifanya.

Alhamisi iliyopita alifika alfajiri, nikamwacha bandani na betri zake nikaenda sokoni. Niliporudi, kaka alikuwa ameshaingia, amemtandikia mama kanga mpya mapajani.

"Unaionaje, mama?"

Mama aliishika pindo, akaiinua mpaka kwenye jicho la kulia, akaishikilia hapo.

"Nyekundu hii imetulia," alisema. "Ahsante, baba."

Kanga ilikuwa ya kijani. Kaka alinitazama, nami nikainamisha kichwa kwenye kikapu changu.

"Ndiyo, mama," alisema. "Nyekundu."

Akachukua chupa ya maji ya betri, akatoka kwenda bandani, akaanza kufungua vifuniko vya betri alizokwisha kuzijaza asubuhi ile ile.