Nafasi ya Tatu Niliyoiacha Wazi

Mimi sinywi pombe, na siku ile sikuwa na malaria. Natanguliza hayo kwa sababu kila ninayemsimulia huanza kuniuliza hayo mawili. Jambo hili lilinipata mwenyewe, Jumamosi mchana kweupe, pale Makanyagio, mjini Mpanda, mwishoni mwa miaka ya tisini.

Tulikuwa na darasa la kompyuta nyuma ya ghala la mpunga: kompyuta mbili tu, zimeunganishwa kwa waya mmoja, na jenereta inanguruma nje. Mwalimu wetu, Sikazwe, alikuwa amepata nafasi moja ya kumpeleka mwanafunzi Tabora kusomea ufundi wa kompyuta. Tuliofaa tulikuwa wawili, mimi na Kulwa. Akatuambia tuamue wenyewe, akaenda zake harusini. Nasi tukaamua kwa gemu la vita, lile la kujenga mji, kukusanya jeshi na kumvamia mwenzako.

Niamini, nilikuwa hodari. Mimi Mpimbwe wa kijiji cha Mamba, kichwani mwangu Tabora nilishafika. Sheria yetu ilikuwa kwamba aliyefungwa ndiye anapanga mechi inayofuata: ramani, kasi, mali ya kuanzia. Ya kwanza nikashinda. Ya pili Kulwa akaipanga ya polepole, yenye dhahabu nyingi, maana mtoto wa wafugaji anajua kungoja ng'ombe wanenepe. Akanifunga. Ya tatu, ya kuamua, ikawa zamu yangu kupanga.

Nikaweka kasi ya juu na mali kidogo, nikijua atababaika. Ramani nikachagua ya watu watatu. Halafu nikafanya upuuzi.

Kulwa alizaliwa pacha. Mwenzake, Doto, alikufa wakiwa na miaka saba, kule Magamba walikohamia na ng'ombe wao. Mama yao alimfundisha Kulwa kwamba pacha hali peke yake, basi kila alipokula alimwekea Doto tonge kando. Hata karanga. Mimi nilimcheka kila siku. Makabila yetu ni watani, na mtani si hutania hata msibani? Basi nafasi ya mchezaji wa tatu sikuifunga, na kwenye jina la mechi nikaandika: DOTO KARIBU. Nilitaka moyo umtikisike, ashindwe kucheza.

Kulwa akasoma, akanigeukia.

"Umemkaribisha wewe," akasema. "Haya, anza."

Dakika chache tu nilikuwa langoni kwake na askari wangu. Hapo ndipo kwenye kona ya ramani, mahali ambapo hapakuwa na mtu, ukatokea mji wa njano. Mimi nilikuwa mwekundu, Kulwa wa bluu. Huyu wa njano ni nani? Askari wake wakaja, wakasimama kati yangu na Kulwa, wakaanza kunimaliza mmoja mmoja.

Nikamgeukia Kulwa nimkemee kwa wizi. Kipanya alikuwa amekiacha. Mikono yake yote miwili ilikuwa inamenya karanga. Nikaufuata waya kwa vidole kutoka mashine yangu hadi yake, na hapakuwa na kompyuta ya tatu. Nikauchomoa. Askari wa Kulwa wakatoweka kwenye skrini yangu. Wale wa njano wakaendelea kutembea, hadi nyumba yangu ya mwisho ikaanguka. Nakwambia kweli, niliogopa.

Kulwa akachukua karanga mbili, akaziweka pembeni ya kompyuta yangu, si ya kwake.

"Kwangu alikuwa anakula kimya," akasema. "Wewe ndiye uliyemwita kwa jina. Sasa ni mgeni wako."

Kulwa akaenda Tabora, na nasikia huko anamaliza sahani nzima peke yake. Mimi nilibaki Mpanda. Nina kompyuta zangu, gemu lile nalicheza bado, na bado ni hodari. Nimebadilisha kila kinachobadilishwa: ramani ya watu wawili tu, nafasi zote nimezifunga. Lakini siku nikisahau karanga, mji wa njano hutokea.

Basi wewe unayecheza leo, usimwandikie karibu mtu usiyetaka kumlisha. Zangu mbili nimeshaziweka hapa mezani, na ninapoandika hivi imebaki moja.