Niliitikia kwa kichwa tu, paka wa Bi Mize akafa

Assalaam alaykum wakuu.

Akaunti ninayo humu mwaka mzima na sijawahi kuandika hata comment moja. Leo naandika, na pale panaponiaibisha sitaparuka. Nimebadilisha majina tu. Mengi nayatoa kwenye daftari langu la kila siku.

Niko form three, huku kusini mwa Pemba. Nyumbani kwetu Mtambile chumba cha mbele ni kliniki ya wanyama wadogo. Aliianza babu yangu, alikuwa bwana mifugo, na alipofariki akaishika Baba.

Paka, kuku, sungura, bata, watoto wa mbuzi. Watu wanakaa barazani na makapu yao wakingoja zamu. Nimekulia humo. Kumshika paka asinikwaruze najua, kuchemsha vyombo najua.

Kuongea na watu ndiyo siwezi.

Mgeni akiniuliza kitu naitikia kwa kichwa ili aondoke haraka. Mama huniita "bubu mwenye daftari", maana mdomoni sina kitu lakini nikikaa kuandika najaza kurasa nne.

Sasa Jumamosi moja Baba akaitwa kule Konde, kaskazini, mbuzi wa mtu kashindwa kuzaa. Akaniachia simu. "Akija mtu na mgonjwa, nipigie. Usitoe dawa wala ushauri."

Saa nne akaja Bi Mize. Huyu ni jirani yetu, mjane, watoto wake wote wako Unguja. Nyumbani anaishi yeye na paka wake, Shaibu, yaani mzee, alimwita hivyo kwa sababu ya masharubu yake meupe. Alikuwa kamviringisha kwenye kanga. Paka mwenzake kamng'ata mguu, umevimba, na mwili wote wa moto.

"Babaako yuko wapi?"

"Konde."

"Atarudi sa ngapi?"

Nikainua mabega.

"Basi mie n'na Panadol nyumbani. N'mpe nusu, homa ishuke mpaka arudi. Au vipi?"

Wakuu, hapo ndipo nilipoharibu.

Jibu langu la kweli lilikuwa "sijui". Simu ilikuwa mfukoni. Lakini kupiga ni kuongea mbele yake huku ananisikiliza, na Bi Mize ni mtu wa maswali. Nikataka tu aondoke.

Nikaitikia kwa kichwa.

Akashukuru, akaenda zake. Baba aliporudi jioni nikamwambia hakuja mtu.

Kesho yake asubuhi Bi Mize alikuja mbio, na yeye si mtu wa mbio. Shaibu uso umemvimba, anahema mdomo wazi. Baba akamfunua fizi, zilikuwa za kahawia, rangi ya matope.

"Bi Mize, umempa nini?"

"Panadol. Nusu jana, nusu leo alfajiri."

"Lahaula! Panadol kwa paka ni sumu, hata hiyo nusu moja! Nani kakwambia umpe?"

Bi Mize akanitazama. Nilikuwa nimesimama na beseni la maji. Nikaangalia maji.

"Nimefanya kwa akili yangu," akasema.

Barazani kulikuwa na mzee mmoja na jogoo wake. Akadakia, "Kumbe Bi Mize siku hizi daktari! Basi na jogoo wangu nitibie, nisingoje foleni." Watu wakacheka.

Baba alijitahidi sana. Shaibu akafa kabla ya adhuhuri, juu ya meza yetu, Bi Mize kamshika mkia.

Mzaha ule haukuishia barazani. Watoto wakimwona Bi Mize wanapiga kelele, "Bi Daktari, tupe Panadol!" Akaacha kupita njia ya dukani, akawa anazunguka nyuma ya mikarafuu. Nilikuwa namwona dirishani. Kila siku niliandika kwenye daftari: kesho nitasema.

Nikaandika hivyo siku nane.

Siku ya tisa nikampa Baba daftari asome, kwa mdomo nilishindwa. Alisoma amesimama, akamaliza, akakaa. Hakunipiga wala hakunigombeza. Ningependelea anigombeze.

"Babu yako mnyama akifa kwa kosa letu alikuwa akifanyaje?"

Nilijua. Babu alikuwa akienda nyumbani kwa mwenyewe, anapiga hodi, na analisema kosa kwa mdomo wake mbele ya yeyote aliyepo. Hatumi mtu. Baba naye nimemwona akienda mara mbili, na mara moja alifukuzwa.

Nikachukua daftari langu.

"Hilo utaliacha hapa," Baba akasema.

Bi Mize alikuwa anaanika karafuu uani na jirani yake. Njiani nilikuwa nimeomba Mungu nimkute peke yake. Hakuwa.

Nikaamkia. Halafu nikasema, "Bi Mize, uliniuliza kuhusu Panadol nami nikakukubalia, na nilikuwa sijui. Kosa ni langu. Hukumuua wewe."

Yule jirani akaacha kuanika, karafuu mkononi.

"Najua," Bi Mize akasema. "Kwani si nilikuwepo?"

"Mbona hukunitaja?"

"Nilisema moyoni, huyu atasema mwenyewe. Kama si leo, kesho. Siku tisa, mwanangu, na watoto wananiita daktari." Akaendelea kutandaza karafuu. "Ningelikutaja, babaako angelikupiga?"

"Hapana."

"Basi ulikuwa ukiogopa nini?"



Nikamwomba radhi. Akasema, "Radhi nimekupa, wallahi sina kinyongo nawe. Lakini mnyama wangu simleti tena kwenu."

Baba akawaeleza watu wote barazani ukweli, mzee wa jogoo akiwemo. Mzaha ukaisha. Ila mwezi uliopita Bi Mize kapata mtoto wa paka, jicho moja linatoa usaha. Nilimwona anapita naye mbele ya mlango wetu, anakwenda kupanda gari ya mjini Chake, kwa daktari mwingine. Alinisalimia vizuri tu, akapita.

Nilichojifunza: paka hapewi Panadol, hata kipande, waambieni na majirani. Na "sijui" ni neno la kusemwa kwa sauti. Mimi kulinyamazia kulimuua Shaibu, na zile siku tisa nilimwacha Bi Mize abebe kosa langu.

Nyie mliokuwa mkiogopa watu kama mimi, mlianza vipi kuongea? Niandikieni hapo chini. Comment zote nitazisoma. Kujibu, nitajitahidi.