Kiti cha Marcelle

Marcelle Fecteau, mweka hazina wa Pennock, mji mdogo wa Vermont, alikuwa mtu mwaminifu mwaka mzima isipokuwa siku moja. Kila Machi, wananchi walipokusanyika ukumbini kupitisha bajeti kifungu kwa kifungu, kati ya chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani na mafuta ya magari alichomeka chambo, kitu kimoja cha kipuuzi. Mwaka mmoja taa za rangi darajani, mwaka mwingine bendera ya hariri. Mzee Orrin Pease, bahili wa kupindukia, alikirukia, akakikata, akashangiliwa, akakaa kitako ameridhika. Yaliyobaki yakapita bila kelele. Miaka ishirini na miwili mchezo ulikuwa huo, na Marcelle hakuuonea haya hata kidogo.

Safari hii maji yalikuwa yamezidi unga. Kiwanda cha mbao kilikuwa kimefungwa na kodi yake kupotea, huku bei ya chumvi na mafuta ikipanda kila mwezi. Aliyekuwa hatarini ni Lyle, dereva wa pili wa gari la kusukuma theluji. Bila yeye barabara za mlimani zingefungwa mpaka alasiri, na Lyle mwenyewe, baba wa watoto watatu, angelazimika kuuhama mji. Basi Marcelle akatafuta chambo kinono kuliko vyote. Kifungu cha saba: kiti kipya cha mweka hazina, cha ngozi, chenye magurudumu, dola mia tisa. Akamweka dereva kifungu cha nane, ili apite wakati Orrin bado anajipongeza.

Siku yenyewe ukumbi ulinuka soksi mbichi na maharage ya kuokwa yaliyokuwa yakingoja mchana. Mwenyekiti akasoma kifungu cha saba. Orrin akasimama, akavua kofia. Marcelle akainama kuficha tabasamu.

"Bwana Mwenyekiti," Orrin akasema, "huyu mama anakalia kiti cha jikoni alichokuja nacho kutoka kwake, mwaka wa ishirini na mbili huu. Tuone haya. Mimi naunga mkono."

Hata wanawake waliokuwa wakifuma sweta walisimamisha sindano. Kisha ukumbi mzima ukaitika ndiyo. Marcelle alishikwa na hofu ya kweli. Kiti kimepita, kisu bado kina makali, na anayefuata ni Lyle.

Haikuchukua muda. Bwana mmoja mwenye koti safi, aliyehamia mwaka jana, akapendekeza dereva wa pili aondolewe. Watu wakaanza kuitikia kwa vichwa. Orrin akasimama tena.

"Sawa. Nani atakwenda kumwambia Lyle? Mwambieni kazi hakuna, ila mweka hazina tumemnunulia kiti cha ngozi. Nendeni basi, yuko hapo nje anasukuma theluji ili nyie mpate njia ya kurudi kwenu."

Mtu akacheka, akajikuta anacheka peke yake. Waliobaki walitazama buti zao. Lyle akapita.

Kwenye foleni ya chakula Marcelle alimbana Orrin, akamuuliza amejua tangu lini.

"Tangu zile taa. Nani anaweka taa za rangi kwenye daraja la ng'ombe?"

"Na ukanyamaza miaka yote hiyo?"

"Ulikuwa unajiona mjanja sana, nikaona nisikuharibie. Na mimi kushangiliwa napenda." Akajipakulia maharage mara ya pili. "Ila mwaka huu watu wana hasira. Ningewaonjesha kukata, wasingeacha."

Akili nywele, kila mtu ana zake, na Marcelle alidhani za Orrin zimeshanyonyoka zote.

Kiti kililetwa Mei. Alikikalia siku mbili, mgongo ukamuuma, akarudia kile cha jikoni. Cha ngozi sasa hukikalia Orrin, kila Jumanne, akijizungusha taratibu huku wakitafuta pamoja chambo cha Machi ijayo.

"Sanamu," alisema juzi.

"Ya nani?"

"Yangu. Nitaikata huku nalia."