Baba Aliposema Anasikia Vizuri

Ipo Jumamosi moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo uso unanipata joto. Yalikuwa mazoezi ya kwaya, nami nimesimama nyuma ya miksa, mashine ya kuchanganyia sauti, nikijiona fundi kuliko mafundi wote wa bonde hili. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, bado najihesabu msichana. Nakusimulia kwa sababu nimekuona siku hizi unafungua hedifoni za watu kutazama ndani, na ninaujua ugonjwa huo. Nami niliugua.

Mimi nilianzia kwenye vispika vibovu. Makondakta wa mabasi ya Kidatu walikuwa wakiniachia hedifoni zao zilizokatika waya, nami nikienda nazo nyumbani Lipangalala kuzipasua. Ndani nikakuta sumaku ndogo kama punje ya mahindi, waya mwembamba kuliko unywele, na ngozi ya plastiki laini kama ganda la kitunguu. Nikashangaa. Kitu hiki ndicho kinachopiga ngoma na kinanda kwa pamoja? Nikikibonyeza kidogo, sauti inageuka. Nikikiziba kwa kidole, inageuka tena. Nikasoma mtandaoni kwamba unaweza kukijengea kispika hicho nyumba yake, iliyochongwa kwa umbo la sikio la mtu mmoja tu, ikakaa humo kama kiatu cha kupimwa. Waimbaji huvaa jukwaani ili wasikie wenzao. Ndizo monita za masikioni.

Basi nikampata wa kumtengenezea. Baba yangu alikuwa amefanya kazi kwenye mashine za kukoboa mpunga tangu ujana wake, kwanza Mlimba, kisha hapa mjini, na mashine zile zikamla masikio kidogo kidogo. Lakini kwaya hakuiacha. Aliimba besi tangu kabla sijazaliwa. Mwaka ule akaanza kuingia kabla ya wenzake, au kuendelea wakati wote wamenyamaza. Mwalimu wa kwaya akanivuta pembeni.

"Dada, sikukuu ya parokia imekaribia, na mzee anatutoa kwenye mstari. Mimi kumwambia akakae benchi siwezi. Labda umwambie wewe."

Nikamwomba anipe wiki sita.

Sikukurupuka, hilo nijisifu kidogo. Nilimpeleka Baba kwanza hospitali, muuguzi akamchungulia masikio na kuyasafisha. Alituonya tusidhani dawa ya sikio lililochoka ni kulipigia kelele zaidi. Kisha nikaenda kwa fundi wa meno ya bandia, akanipa poda ile wanayoikoroga na maji kuchukulia umbo la fizi, na yeye mwenyewe akasimamia. Tulitanguliza pamba iliyofungwa uzi ndani ya sikio, ili uji ule usipenye ukafika pabaya. Usije ukaruka hatua hiyo, mwanangu, hata siku moja. Baba alikaa ametulia kama anayenyolewa. Tulipotoa ule uji umeshaganda, alilitazama umbo la sikio lake mkononi mwangu akacheka: "Kumbe nimebeba konokono miaka yote hii!"

Nilizichonga nyumba za vispika kwa umbo lile wiki nzima. Halafu nikazipanga sauti. Mimi napenda besi, ile inayogonga kifuani, nikaziba kila penye upenyo ili besi isitoroke. Mbele ya kispika nikaweka sponji kulainisha sauti kali. Nilipozijaribu masikioni mwangu kwa vifuniko laini vya mpira, nilitamani kulia kwa uzuri. Nikamvisha Baba.

"Ni nzuri, Baba?"

"Nzuri sana, mwanangu."

Kila baada ya mazoezi nilimwuliza, na kila mara alijibu hivyo hivyo. Nikatembea mjini kifua mbele.

Sasa Jumamosi yenyewe. Kwaya inaimba, Baba yuko mstari wa nyuma, macho ameyafumba, anatikisa kichwa taratibu. Waya wa monita ulishuka hadi kwenye kisanduku kidogo cha sauti nilichomfunga kiunoni. Nikapita nyuma yao kunyoosha waya nyingine, nikaona plagi yake inaning'inia kando ya mkanda. Haijachomekwa popote.

Nikadhani imechomoka kwa bahati mbaya. Tulipofika nyumbani nikamwuliza mbele ya Mama, "Leo ilikuwaje, Baba?"

"Safi kabisa. Nimesikia kila kitu, hata kinanda."

Nilikuwa nimeishika ile plagi mkononi. Akaiona. Akainamisha uso, mtu mzima yule, kama mimi ndiye mzazi.

"Niliichomoa mwenyewe," akasema. "Wiki ya pili sasa. Mangoma yako yananipiga kichwani, mwanangu, kama niko mashineni. Nikichomoa napata utulivu, naangalia mkono wa mwalimu na mdomo wa jirani yangu. Lakini nilikuona ulivyochonga. Ningekwambiaje?"

Nilikasirika, nisikufiche. Nikasema, "Si ungesema tu!" Hapo Mama, ambaye alikuwa anapeta mchele wala hajainua macho, akasimamisha ungo.

"Angesema saa ngapi? Kila siku unamwuliza, 'Ni nzuri?' Umewahi kumwuliza anasikia nini? Wewe ulikuwa unataka usifiwe, na yeye akakusifu. Kosa lake liko wapi?"

Nilitoka nje nikakaa kibarazani mpaka aibu ikanipungua, na ilipopungua, udadisi ukarudi, safari hii ukiwa na swali jingine: kwani yeye anasikia nini?

Kesho yake baada ya misa tukakaa watatu. Mama akasimama nyuma ya pazia ili asisomwe mdomo, Baba kavaa monita, Mama anatamka neno kwenye kipaza sauti, Baba anarudia.

"Taa."

"Kaa," akasema Baba.

"Saa."

"Kaa."

"Paa."

Baba akafikiri. "Kaa?"

Mama akaangua kicheko nyuma ya pazia, na Baba naye akacheka, lakini mimi nilikuwa nimeganda. Miaka yote ile tulipokuwa tukizungumza naye mezani, alikuwa anapokea nusu ya kila neno, nyingine anaikisia mwenyewe. Ngurumo za chini alizisikia barabara; ni vile visauti vyembamba vya mwanzo wa neno ndivyo vilivyokuwa vimemtoka. Na mimi nilikuwa nimevifunika kwa sponji, kisha juu yake nikamrundikia besi.

Nikaanza upya. Nikatoa sponji. Nikafupisha mrija wa kupitishia sauti. Nikatoboa kitundu cha sindano ili besi ipate pa kutokea; upande wa kushoto nikakitoboa kikubwa mno, kelele za nje zikaingia, nikaziba kwa gundi nikatoboa tena. Sikio la kulia lilitaka hivi, la kushoto vile. Kila nikibadilisha kidogo, Mama anarudi nyuma ya pazia. Ilituchukua siku nyingi kufika mahali ambapo saa ikawa saa. Paa hatukuipata kamwe.

Nilipojaribu zile monita mimi mwenyewe, zilikuwa mbaya. Kali, nyembamba, kama bati linakwaruzwa. Nikazipangusa nikamrudishia mwenyewe.

Kwenye mazoezi ya mwisho, katikati ya wimbo, Baba akaacha kuimba akageuka upande wa akina mama. "Nani anapiga mluzi?" Hakuna aliyekuwa anapiga mluzi. Zilikuwa ni "s" za sauti ya pili, ambazo hakuwa amezisikia kwa miaka. Kwaya nzima ikacheka, naye akasimama pale anasikiliza, mdomo wazi.

Siku ya sikukuu aliingia kabla ya wenzake mahali pamoja tu. Mwalimu wa kwaya alimtazama, akaendelea kupunga mkono. Baba aliimba miaka miwili zaidi, mpaka miguu ilipokataa kusimama.

Kwa hiyo, mwanangu, endelea kufungua vitu utazame ndani. Sikukatazi, na anayekukataza mlete kwangu. Ila ukimtengenezea mtu kitu, usimwulize kama ni kizuri. Mwulize anapata nini, kisha unyamaze umsikilize, hata jibu likiuma. Ukiona watu wanakusifu kila siku, jichunguze kama umewaachia nafasi ya kusema vingine. Na kitu kikimfaa mwenyewe huku wewe hakikupendezi, kiache hivyo hivyo.

Mungu aibariki mikono yako. Akupe watu wa kukwambia ukweli, na wazazi wako wakikwambia jambo, akujalie ulisikie wakiwa bado wako nawe. Amina.