Ndoo Moja, Dawa Mbili

Mkasa huu ni wa aibu, na hata mke wangu anaujua nusu tu, kwa hiyo nikisitasita mahali mnivumilie.

Mimi kwetu Mbeya, ila ni miaka mingi sasa niko Sumbawanga, afisa afya, na mwaka jana nilipewa kazi ya kuwafundisha maafisa afya wa kata namna ya kukagua mabwawa ya kuogelea (utauliza kwa baridi yetu hii nani anaogelea, lakini hoteli zinajengwa na watoto wanaingia majini). Walikuja tisa. Asubuhi nzima niliongea, na niseme ukweli niliongea vizuri, wakaandika jinsi ya kupima klorini na jinsi asidi inavyotumika kurekebisha maji, na nikawasisitizia kwamba dawa hizo mbili zisikutane kamwe maana zikikutana zinatoa hewa ya sumu, na kwamba ikitokea hatari anayeongoza hutoka wa mwisho. Maneno yangu mwenyewe hayo.

Mchana tukaenda kwenye bwawa la hoteli moja. Upepo ulikuwa unavuma kweli kweli, unga wa klorini ungepeperuka wote, nikawaingiza kwenye chumba cha pampu, chumba kidogo chenye mlango mmoja. Mtunza bwawa pale ni dada mmoja Mfipa anaitwa Leokadia. Nilipima asidi kwenye ndoo, wakaona, yeye akaenda kuimwaga bwawani taratibu kama inavyotakiwa, akarudi na ndoo, nami nikaishika hiyo hiyo nipimie klorini.

Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hiyo haijasuuzwa. Ngoja nikakuletee nyingine stoo."

Stoo yenyewe si mbali, dakika tano. Lakini watu tisa walikuwa wananitazama, na mimi nikaona nitaonekanaje nikirekebishwa na mfanyakazi wa hotelini (kiburi hakina dawa, jamani).

"Dada," nikamwambia, "hapa mwalimu ni mimi."

Nikamimina unga. Ukachemka, ukatoa moshi wa kijani kijani, harufu ikanichoma pua hadi kifuani, na sikumbuki kufikiri chochote, nakumbuka tu miguu yangu. Nilikuwa wa kwanza kufika nje. Wengine wakatoka wanakohoa, machozi yanawatiririka, na nikiwa nimeinama kwenye majani nikamsikia mtu anauliza Skolastika yuko wapi. Skolastika ni afisa wa kata ya Kizwite, ana pumu. Leokadia alijifunga kitenge chenye maji puani, akaingia, akamburuta mpaka nje, akamweka upande upepo unakotokea. Mimi nilikuwa nimeinuka, nimesimama tu natazama.

Hospitalini daktari akauliza Skolastika amevuta nini, na ilibidi niseme pale pale, mbele ya wanafunzi wangu wote na bosi wangu aliyekuwa ameshafika, kwamba nilichanganya dawa kwenye ndoo moja baada ya kukatazwa. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Mungu alisaidia, Skolastika aliruhusiwa siku ya tatu. Nikaenda kwake na mke wangu kumpa pole, nikasema yote niliyokuwa nimeyapanga njiani. Alisikiliza mpaka mwisho, akasubiri mke wangu atoke kwenda uani kumsalimia mama yake Skolastika, ndipo akanijibu.

"Kaka, la ndoo nimekusamehe, kila mtu hukosea. Lakini nilikushika shati pale mlangoni, ukanitoa mkono."

Sikuwa nalikumbuka hilo. Mpaka leo silikumbuki, ila najua hasemi uongo.

Bado nafundisha, na kazi ya dawa sasa anaionyesha Leokadia, mimi nasimama nyuma kabisa ya watu wote, mbali na mlango. Na mtu yeyote akiniambia ngoja, nangoja.