Siku Nne za Kwenda Madaba

Wenzangu tuliokulia Songea miaka ile ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa sabuni na sukari tena na mitumba ikawa inamwagwa chini sokoni, mtakumbuka jinsi sisi watoto tulivyokuwa hatuna haraka ya kwenda popote. Njia ya kutoka kwetu Mjimwema hadi shuleni, ambayo mtu mzima aliimaliza kwa dakika ishirini, sisi ilitupotezea saa nzima. Tulichuchumaa kuwatazama siafu wakivuka barabara. Tulicheza mdako chini ya ukuta wa watu, kidumu cha maji kimewekwa pembeni, ufagio wa shule umetupwa majanini. Tukifika tumechelewa tulichapwa, na kesho yake tulichuchumaa pale pale. Mama alikuwa akituambia, "Nyie mkitumwa kumwita daktari, mgonjwa atazikwa ndipo mfike." Tulicheka. Hata yeye alicheka.

Wanangu wa leo wakiingia kwenye basi, kabla halijatoka stendi wameshaziba masikio kwa vile vidude vyao. Wakitaka kujua tumefika wapi wanaiuliza simu, na dirisha liko pale pale ubavuni mwao. Wakishuka utawasikia, "Safari imenichosha." Mtu hajaona hata mti mmoja, kachoka. Huwa nawacheka, lakini kicheko changu hakifiki mbali, maana mimi mwenyewe ndivyo nilivyoishi sehemu kubwa ya maisha yangu. Safari niliyoifanya kama inavyotakiwa ni moja tu. Nilikuwa na miaka tisa.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori la ushirika. Alibeba tumbaku ya Namtumbo, akabeba mahindi ya vijijini, akabeba mbolea na chochote alichoambiwa abebe. Nyumbani alikuja kulala na kubadilisha shati. Nilimjua zaidi kwa harufu ya dizeli kuliko kwa sauti yake. Jumapili, mimi na Mama tukitoka kanisani, tulimkuta bado amelala, na Mama aliniwekea kidole mdomoni nisimwamshe.

Mwezi wa pili wa mwaka ule, mvua zikiwa kali, Mama alifariki katika uzazi. Mtoto naye hakukaa, alimfuata siku hiyo hiyo. Baba alikuwa njia ya Tunduru, lori limezama kwenye tope, na hapakuwa na namna ya kumpata. Walimsubiri siku mbili. Siku ya tatu wazee wakasema haiwezekani tena, tukaenda kuzika. Baba alifika kesho yake jioni, tope limemganda hadi magotini. Alisimama mlangoni akauliza, "Yuko wapi?" Mama mmoja jirani yetu alimshika mkono tu, akamwongoza kuelekea makaburini, na mimi nikawafuata nyuma nikiwa peku.

Tangu siku ile Baba hakusema tena. Nasema hakusema, si kwamba alikuwa bubu. "Ndiyo" na "hapana" zilimtoka. Miezi michache baadaye kazi nayo ikaisha. Wanunuzi binafsi walikuwa wameingia vijijini na magari yao, ushirika ukabaki na madeni na malori yaliyosimama juu ya mawe bila matairi. Madereva waliambiwa warudi majumbani wasubiri kuitwa. Baba alikaa juu ya kigoda nyuma ya nyumba, ameuelekea mgomba, asubuhi mpaka giza linaingia. Mimi nilipika. Ugali wangu ulikuwa na madonge na likolo langu, yaani ile mboga ya majani tuliyozoea nyumbani, lilikuwa na mchanga. Alimega mara mbili, akanawa.

Mwezi wa kumi na mbili, shule zilipofungwa, ilikuja barua kutoka Madaba kwa Shangazi Kordula, dada mkubwa wa Baba. Baba aliisoma amesimama, akaikunja, akaitia mfukoni. Jioni aliniambia, "Emeliana, funga nguo zako. Kesho tunakwenda Madaba." Nilifurahi sana. Sikuwahi kupanda yale mabasi mapya ya matajiri, yaliyokuwa yamepakwa rangi za kung'aa na yakipita yanapiga honi za nyimbo. Lakini asubuhi Baba aliitoa baiskeli ndani, akafunga kitambaa kwenye kiti cha nyuma ili nisiumie, akaning'iniza mfuko wa nguo zangu kwenye usukani. Nikajua basi hatuna uwezo nalo. Nilinuna mpaka tulipofika Mshangano.

Siku ya kwanza hatukufika mbali. Watu walikuwa mashambani, mvua za kwanza zimekwisha kunyesha, na Baba alishuka kila alipoona mtu. "Shikamoo, mama. Mmeamkaje huku?" Na wao wakaacha majembe wakatusogelea. Nilimsikia akiuliza habari za nyumba ya mtu, za watoto wa mtu, za mbegu, na alisubiri jibu. Tulilala kwa utingo wake wa zamani, mle mle wilayani, mahali ambapo lori lingefika kabla dereva hajamaliza sigara.

Siku ya pili mabasi yalitupita. Abiria walitupungia mikono, upepo ukatutikisa tukakaribia kuanguka mtaroni.

"Baba, mbona wenzetu wanawahi?"

"Wanawahi nini, mama?"

Alikuwa akiniita mama tangu nikiwa mchanga, ila siku ile ndiyo nililisikia lile neno.

Mchana tulifika kwenye mto mdogo. Baba aliegemeza baiskeli kwenye daraja, akakaa juu ya ukuta wake akatazama chini. Alikaa muda mrefu hadi nikafikiri amerudi kule kwenye mgomba wake. Kisha akasema, "Miaka kumi na mmoja nimepita hapa. Nilikuwa najua kuna daraja. Sikujua kuna mto."

Tulishuka tukaosha miguu. Maji yalikuwa ya baridi, na chini yake mawe yalionekana moja moja. Ng'ambo kulikuwa na miti ya masuku, matunda yameiva na kudondoka, na Baba alikusanya akajaza kofia yake. Wenzangu mnayajua masuku ya msituni: ganda gumu la kahawia, ndani utamu wa kulowa vidole. Tulikula tukitema mbegu majini, tukaangalia ya nani inakwenda mbali. Ya kwangu ilishinda mara mbili. Mara ya tatu nadhani aliniachia.

Siku ya tatu, tumeshapita Gumbiro, mvua ilitukuta. Tulikimbilia kibanda kitupu cha kuuzia mahindi ya kuchoma, tukakaa juu ya ubao tumebanana. Mvua ile haikuwa ya kuisha mapema. Mimi nilikuwa natetemeka, Baba akanifunika koti lake. Ndipo akaanza kusema, bila kunitazama.

"Siku ile lori lilizama mpaka ekseli. Utingo akaenda kutafuta watu. Nikabaki peke yangu, nikawa napiga honi. Hakuna mtu porini, lakini napiga honi tu, nimekasirika kwamba mzigo unachelewa. Mzigo, Emeliana. Nikihesabu siku, ni saa zile zile. Mama yako anashushwa kaburini, mimi niko porini napiga honi."

Alilia. Sikuwahi kumwona mwanaume analia vile, mabega yanapanda na kushuka kama mtu anayesukuma kitu kizito. Sikujua la kufanya. Nilimshika kidole kimoja, kile kikubwa chenye kovu la jeki, nikakaa nimekishika mpaka mvua ikapungua.

Jioni hiyo tulipokewa katika nyumba ya wazee wawili pale Mtyangimbole, watu ambao hatukuwajua na hawakutuuliza sana. Waliweka ugali na maharage. Baba alimaliza, akatazama bakuli, akasema, "Mama, kama kimebaki, niongezee." Yule bibi alicheka akamwongezea. Usiku nilimsikia Baba akikoroma. Miezi kumi sikuwa nimesikia mkoromo ule, na mimi pia nililala kama niliyepigwa rungu. Asubuhi uso wake ulikuwa mwepesi. Aliniambia, "Kichwa changu kimetulia, mama," na aliniimbia wimbo wa kulimia, huku akinyonga baiskeli polepole, mpaka mlima ukamkata pumzi.

Siku ya nne baridi ilianza, ile ya Madaba, na ukungu ukashika miti. Ungedhani mtu aliyekaribia kufika angeongeza mwendo. Sisi tulipunguza. Baba alishuka akalijaza upepo tairi ambalo lilikuwa limejaa. Akashuka tena akaufungua mfuko wangu wa nguo, akaukunja upya. Akashuka mara ya tatu, akasimama tu. Hapo ndipo nilipoelewa.

"Baba, unakwenda kuniacha?"

"Kwa shangazi yako. Mpaka nipate kazi."

"Ukipata utanifuata?"

"Nitakufuata."

Tulifika kwa Shangazi jua linazama. Alinikumbatia, akanipa kiti karibu na moto. Baba alilala usiku mmoja, asubuhi akaondoka. Njia inayotoka kwa Shangazi inateremka, mtu akipanda baiskeli inajiendea yenyewe. Baba hakupanda. Aliikokota, mkono mmoja kwenye usukani, mpaka ukungu ukamficha.

Kazi aliipata, mwaka uliofuata, kwa tajiri mmoja aliyekuwa na malori. Lakini kazi zile mpya mnazijua. Ushirika ulikuwa na saa za kutoka na saa za kurudi. Tajiri alikuwa na mzigo tu, na mzigo ulitakiwa jana. Baba alipita Madaba akielekea Makambako, akasimamisha lori mbele ya nyumba bila kuzima injini. Alinipa daftari na sukari ya Shangazi, akanishika kichwa. "Unasoma? Haya, mama, soma. Tajiri ananisubiri." Nilisimama kwenye moshi wa lori nikihesabu ni lini tena. Habari ya kunifuata hatukuizungumza. Mwanzoni niliona aibu kumkumbusha, halafu nikawa mkubwa.

Nilisoma, nikaenda chuo, nikapata kazi Dar es Salaam. Baba akazeeka, akarudi Mjimwema na mgongo mbovu. Nilikwenda kumwona kila Krismasi, siku mbili, wakati mwingine moja na nusu, simu mkononi. Mwaka mmoja akaniambia, "Ukipata nafasi, twende Madaba. Taratibu, kama ile siku." Nikamjibu, "Baba, mwakani nitachukua likizo ndefu." Nilimaanisha. Mwaka haukufika.

Maziko yake niliyawahi. Nilipanda basi la alfajiri, nikashuka Songea, nikakuta bado hawajafunika jeneza. Watu walisema nina bahati. Mimi niliwahi kile ambacho Baba alichelewa, na haikunisaidia chochote.

Matanga yakiendelea, Shangazi Kordula, mzee sana sasa, aliniita nikae karibu yake mkekani.

"Unaikumbuka ile safari yenu ya baiskeli?"

"Nitaisahauje, Shangazi? Tulikuwa hatuna nauli."

Alinitazama kwa mshangao. "Nani alikwambia? Ndani ya ile barua niliweka nauli ya basi ya watu wawili. Alipofika akanirudishia bahasha vile vile. Nikamwuliza, wewe umerukwa na akili, kumtesa mtoto siku nne njiani? Akaniambia, 'Dada, basi lingemfikisha siku hiyo hiyo.'"

Nilitoka nje. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikasimama pale, na machozi ambayo hayakutoka kaburini yalinitoka yote.

Basi la siku hizi linatoka Songea na kufika Madaba chai ya kwenye chupa bado ya moto. Kuna mikanda, kuna muziki, kuna video. Nimepita njia ile mara nyingi kiasi kwamba siwezi kukumbuka hata safari moja kati ya hizo. Zamani tulikuwa na vumbi, matako yanauma, na njaa pia, nisiwadanganye. Lakini jioni mtu alijua mchana amekuwa wapi.

Mwaka jana nilimchukua binti yangu Neema, ana miaka kumi na mitano. Tulishuka Mtyangimbole nikamwambia tutembee mpaka kijiji kinachofuata. Saa ya kwanza alilalamika: viatu, jua, mtandao hakuna. Saa ya pili aliitia simu mfukoni. Tulisalimia watu, tukakaa kwenye jiwe, tukanywa maji tuliyopewa. Nilihisi kifuani kitu kikilegea ambacho nilikuwa nimekikaza miaka mingi bila kujua. Upepo ulipita kwenye miti na hakuna aliyetudai tufike.

Ndipo Neema akaniuliza, "Mama, hivi babu alikuwa mtu wa namna gani?"

Nikaanza kumsimulia. Nilimsimulia taratibu, sikuruka kitu. Nyumba za kijiji zilikuwa bado hazijaonekana nilipofika mwisho. Tukatembea kidogo.

"Na mengine?" akauliza.

Nikatafuta mengine. Nikatafuta tena, hatua kwa hatua, mpaka mabati ya kwanza yakaanza kuonekana. Mengine sikuwa nayo.