Darasa la Barazani kwa Shangazi Zuhura

Harufu ya mbaazi za nazi ndiyo iliyotujulisha kuwa masomo yanaanza. Mama Riziki, aliyeuza mahamri na mbaazi jirani na kwetu, Shika Adabu, Likoni, alifika barazani kwa shangazi yangu Zuhura moja kwa moja kutoka jikoni, leso zake zikinuka moshi. Uhuru ulikuwa unakaribia, na Shangazi, mwalimu kwa kazi yake, alikuwa ameamua kuwafundisha kusoma wanawake wa mtaa ambao hawakupata shule. Mtoto nilikuwa mimi peke yangu. Nilikuwa na kigugumizi, na baba alikuwa amenitoa shuleni kwa vile wenzangu walinicheka kila niliposimama kusoma.

Mwanzoni Shangazi alitufundisha sote namna moja: herufi ubaoni, sisi tukiitikia. Wanawake wakaanza kupungua. Alasiri moja Mama Riziki akasema waziwazi, "Mwalimu, wallahi mimi hapo naona kunguru wamejipanga tu."

Tulicheka, ila Shangazi hakucheka. Alifuta ubao wote, akaketi nasi mkekani, akamuuliza kila mmoja anataka kusoma nini. Mama Riziki alitaka kuelewa maandishi ya chupa za dawa za mjukuu wake. Tangu hapo chupa hizo zikawa ndizo kitabu chake. Bi Amina, bibi mtu mzima aliyehitimu Kurani, alianzishwa kwa herufi za Kiarabu alizozijua, akavushwa taratibu hadi hizi za shule. Mimi nilisema, kwa taabu, kwamba nataka baba anisikie nikisoma.

"Basi wewe utasoma kwa mahadhi," Shangazi akasema, "kama tusomavyo maulidi."

Ulimi wangu, uliokwama katika maneno makavu, ulifunguka katika sauti ya kuvuta. Siku baba alipokuja kunichukua, alinikuta katikati ya ukurasa. Alisimama akingoja mpaka nikamaliza, kisha akajifuta macho kwa kofia yake.

"Dada, Jumatatu atarudi shule."

"Atarudi," Shangazi akajibu, "nami nitakwenda naye, nikazungumze na mwalimu wake."

Akaenda kweli. Nikaruhusiwa kusoma kwa mahadhi, na wenzangu walionicheka siku ya kwanza, wakaishia kunifuatisha.

Leo nimestaafu ualimu. Nawasikia walimu vijana wakijadili, kwa maneno mazito, jinsi ya kupanga masomo kwa wanafunzi wasiofanana, nami nafurahi kwamba jambo hilo sasa lina nafasi vyuoni. Kigugumizi hakijaniacha kabisa. Lakini miaka yote niliyofundisha, sikumkatiza mtoto hata mmoja aliyekuwa akitafuta neno, kwa sababu mimi niliwahi kungojwa.